Ndama wa yule ng'ombe mwekundu

Mwenzangu uko? Bado niko huku machinjioni.

Asubuhi waliletewa ng'ombe mwekundu wa kuchinjwa, kumbe alikuwa na mimba. Nilijua! Nilimshika ubavu kule zizini, ndama akanipiga teke kiganjani. Nikamwambia daktari wa mifugo, "Huyu ana mimba, asichinjwe."

Wala hakumgusa. "Kazi yako kuosha utumbo. Udaktari umesomea wapi, darasa la saba?" Wanaume wakacheka. Ati darasa la saba!

Akampitisha achinjwe.

Walipompasua, ndama huyo hapo. Ana manyoya tayari, hata kope. Tena jike, mwenzangu. Jike! Ni wa tano mwezi huu, halafu wanalalamika mnadani ng'ombe wameadimika.

Daktari akajifanya anasoma simu. Mchinjaji akasema tu, "Dada, kamtupe shimoni."

Nimembeba peke yangu. Alikuwa bado na joto.

Zamani ulipokuwa unaosha nami hapa, tukisema wawili walikuwa wanampima ng'ombe kwanza, si unakumbuka? Tangu uolewe ukaondoka nasema peke yangu. Sasa hivi nimekalia beseni lako la kuoshea, nimelipindua.

Kesho nitasema tena, wacheke wasicheke.

Tiki ya ujumbe bado ni moja, haujakufikia. Washa simu basi.