Skafu Kwenye Mahojiano

Malaz, Riyadh
3 Februari 2024

Dada Wahida,

Uko poa? Mama yako na watoto wako salama? Mimi niko fiti, namshukuru Mungu.

Dada, nimepita mahojiano ya ile hospitali ya Ufaransa! Lakini sikia kituko. Nilitoka wodini mbio na ile skafu uliyonipa bado iko kichwani. Miaka tisa Saudia, hata Mwanglikana kama mimi husahau. Wale watu watatu kwa skrini wakanuna kabisa. Wakauliza kama nitakubali kufanya kazi kichwa wazi, ndiyo sheria ya hospitali za serikali huko. Nikaivua hapo hapo, wote wakacheka.

Yako ni Jumanne. Vua tu, dada. Kazini unavua, ukitoka unavaa. Mimi navaa abaya kila siku na bado ni Mkristo. Si tuliapa kwenda pamoja?

Mdogo wako,
Adhiambo

Bani Malik, Jeddah
8 Februari 2024

Mdogo wangu Adhiambo,

Huku sote wazima, ila mama na magoti yake kama umjuavyo. Hongera! Nimepiga kigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Nikwambie kweli, nilishakata shauri kuvua. Nimezaliwa Jeddah hii na mpaka leo naishi kwa ikama, kibali cha mgeni kinachoshikwa na kafili, mdhamini wangu. Kazi ile naitamani kuliko wewe. Waliponiuliza, nikatia mkono kwenye pini ya ushungi. Nikawaona wote watatu wameinama mbele, wanautazama mkono wangu. Ukashuka wenyewe. Nikawaambia ahsanteni, siwezi. Halas.

Wewe abaya uliongezewa juu ya nguo zako. Mimi naambiwa nipunguze. Si mamoja, mdogo wangu. Lakini usithubutu kuiacha kazi kwa ajili yangu, nitakuchapa.

Dada yako,
Wahida

Malaz, Riyadh
21 Aprili 2024

Dada Wahida,

Mko salama? Mama anaendeleaje? Nisamehe, miezi miwili nimeshindwa kukuandikia. Viza imetoka. Nasafiri Ijumaa.

Kuna kitu nilikuficha. Nilipovua skafu, yule mama wa katikati alisema, sasa tunakuona vizuri. Nikamjibu, hata sijawahi kuipenda. Akauliza kama nina marafiki wanaovaa hivyo. Nikasema sina.

Dada, ni wewe ulinifunga skafu siku yangu ya kwanza wodini pale Jeddah, nikilia. Nimekukana kama Petro, na huku Malaz hata jogoo wa kunishtua hakuna. Naona aibu sana.

Mdogo wako, kama bado unanitaka,
Adhiambo

Bani Malik, Jeddah
22 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Hujambo, mwenye machozi ya karibu? Barua yako nimeisoma kwenye simu nikiwa foleni ya mkate, zamu yangu ikanipita. Imeniuma, sikufichi. Nimeshinda nayo kutwa. Kisha nikajiuliza, mimi niliyeishika pini kwa mkono wangu, nitamhukumu nani? Nimekusamehe, duniani na akhera.

Nimeshakata tiketi ya basi. Alhamisi asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, nikufungie masanduku, maana wewe hujui kupanga nguo.

Nenda ukafanye kazi yako. Ila wakikuuliza tena kama unaye mtu avaaye hivi, sema unaye, dada yako. Na ukinitaja, nitaje na ushungi wangu.

Dada yako,
Wahida