Tuletee Wagonjwa

3 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti tu lina maneno yake. Wewe je, kifua kimeachia?

Barua yako imenikera. Wanafunzi hamsini na wanane, waliofaulu hesabu kumi na wanne: hata robo haijafika. Na mkuu wako anasema mtihani wa Machi usipofikisha nusu, darasa la mtihani anampa mwenzako wa fizikia. Sasa badala ya kufunga mlango ukafundisha, unaniambia mna kikundi cha walimu kwenye simu, na Alhamisi mnatembeleana madarasani! Mwanangu, nilipoanza kazi nilimwomba mwalimu mmoja anionyeshe anavyofundisha sehemu, hizi za nusu na robo. Akanijibu, "Kitabu si unacho?" Nikajifundisha mwenyewe, na darasa langu limekuwa la kwanza miaka sita mfululizo. Hakuna aliyenipa kitu. Kwa nini nigawe?

Funga mlango.

Shangazi yako

12 Februari

Shikamoo Shangazi,

Kifua kimepona, pole na goti.

Mlango niliufunga mwaka mzima, na mle ndani tulipotea watu hamsini na tisa, nami nikiwemo.

Kikundi chetu kina walimu kumi na mmoja wa shule nne. Sheria ni moja: huleti kazi nzuri. Unaleta jibu la mtoto aliyekosa, unasema unadhani amepotelea wapi, wenzako wanakusaidia kumtafuta. Na huyo wa fizikia ndiye anayekaa nyuma ya darasa langu kila Alhamisi. Juzi kaniambia, "Dada, swali umeuliza wewe, jibu umejibu wewe. Watoto walikuja kutazama?" Nilicheka, kisha nikaumia, maana ni kweli.

Sote tumekwama kwenye sehemu. Nimeshaiingiza namba yako kikundini. Karibu, ila ukali uache mlangoni.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Goti limetulia, zilizopanda ni hasira.

Niliwatumia wenzako picha za kurasa kumi za wanafunzi wangu, alama za vema tupu. Kisha yule binti anayefundisha darasa la pili, ambaye umri wake hauzidi miaka yangu ya kazi, akaandika: "Mama, hawa wamepona. Tuletee wagonjwa." Nikajitoa kikundini.

Nikasema nitamwonyesha kuwa kwangu hakuna mgonjwa. Kesho yake nikawauliza wanafunzi, bila kukokotoa: theluthi na robo, ipi kubwa? Kati ya arobaini na saba, thelathini na mmoja wakasema robo. "Mwalimu, nne si inazidi tatu?" Na hao ndio wanaojumlisha sehemu bila kukosea! Karibu theluthi mbili ya darasa hawaijui theluthi.

Nirudishe kikundini. Wagonjwa ninao.

Shangazi yako

28 Machi

Mwanangu,

Mbona kimya? Unaumwa, au ni mtihani?

Acha nikueleze yangu. Nilituma lile swali nikajiandaa kuchekwa. Kabla sijala chakula cha jioni walimu tisa walikuwa wameshajibu, na wanne wakasema hata kwao ni hivyohivyo. Yule binti akatuma picha ya mikono yake ikikunja vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa, kimoja mafungu matatu sawa, kingine manne. "Waache wakunje wenyewe, Mama, wala usiseme neno." Nilinyamaza darasani kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Mtoto mmoja akapiga kelele: "Kumbe wakiongezeka wa kugawana, kipande kinapungua!"

Binti yule hanijui, nilimkasirikia mbele za watu, na bado alinipa. Mtu wa namna hii nilimhitaji nikiwa na umri wako, sikumpata. Nimeshamkasirikia huyo aliyeninyima mpaka nimechoka. Hawa wenzako ni watu wa maana.

Sasa niambie: darasa limebaki au limeondoka?

Shangazi yako

6 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe, mimi mzima. Nilikuwa nasahihisha.

Wamefaulu thelathini na wanne. Mkuu akaniita: "Darasa ni lako." Nikamwomba tulifundishe wawili, mimi na mwalimu wa fizikia. Akashangaa: "Umeshinda, halafu unagawa ushindi?" Nikamwambia Alhamisi zote za mwenzangu zimo humo. Amekubali, ila kwa muhula mmoja wa majaribio. Tukishindwa, tunanyang'anywa wote.

Nimefanya ujinga?

Mpwa wako

15 Aprili

Mpwa wangu,

Goti linakusalimu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikitafuta mahali ulipomwuliza mkuu matokeo yakija yatasomwa kwa jina la nani. Sikupaona. Mimi ningeanza na swali hilo, na nisingetoka ofisini bila jibu. Wewe nadhani hata halikukujia.

Hiki si kilemba cha ukoka, mwanangu. Nakuheshimu.

Shangazi yako