Ngumi ya Foreman pale Magarama

Zawadi, we kaa chini kwanza. Ni habari ya Matata, fundi wako wa nguo.

Leo pale Magarama alianza tena kubishana na Nazarali mwenye duka juu ya mabondia. Nazarali anasema Tyson ndiye alikuwa na ngumi nzito kupita wote. Matata anasema hapana, ni Foreman.

«Foreman alikuwa anapiga hivi,» akasema, akachapa gunia ya chumvi.

Ile chumvi ilinyeshewa njiani, ilishakuwa jiwe. Gunia haikutikisika. Haikutikisika hata kidogo.

Nazarali akamwambia, «Bon, si mi nilisema Tyson?»

Mkono wa kulia wa Matata umevimba kama andazi. Sasa gauni yako ya kuolewa Muyinga Jumamosi iko inashonwa na Nazarali, mtu hajawahi kushika hata sindano. Matata iko nyuma yake, anamuonyesha na kidole ya kushoto, na bado anasema Foreman.