Niliruka Kurasa za Breki, na Jumapili Mama Honi Anashuka Mlima

Mshauri, shikamoo. Ninachokuandikia sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si dada yangu ninayelala naye chumba kimoja, wala msichana ninayekaa naye maktaba, na hata sasa naandika kwa kompyuta ya shule huku nikiangalia mlango, kwa hiyo nisamehe nikichanganya mambo.

Nina miaka kumi na sita. Baba yangu ni fundi wa magari ya zamani, yale ambayo mafundi wengine wakiyaona hucheka na kumwambia mwenye gari apeleke kwenye vyuma chakavu, na mteja wake mkubwa ni yule mwimbaji ambaye kila mtu anamjua, sitalitaja jina lake la jukwaani, mtaani kwetu tunamwita Mama Honi kwa sababu kabla hujamwona utakuwa umeshasikia honi. Watu wanajua nyimbo zake tu, lakini sisi wa gereji tunajua kwamba roho yake iko kwenye magari kumi na manne na pikipiki tano, na kwamba haziweki ziangaliwe tu, anaziendesha mwenyewe kwa zamu, na mtu akimuuliza kwa nini hanunui gari jipya kama wenzake anasema, "Gari lisilotembea ni kabati lenye magurudumu." Nimemwona kwa macho yangu akiingia gereji na pikipiki iliyomzidi baba umri, gauni la onyesho amelikunja na kulibana kwa vibanio vya nguo, akazima injini akasema, "Fundi, huyu bwana anakohoa upande wa kushoto," na kweli, baba alipofungua akakuta tatizo liko kushoto.

Vitabu vya magari hayo viko kwa lugha ya kigeni ambayo baba haisomi, amejifunza kazi kwa mikono, kwa hiyo tangu nilipokuwa na miaka kumi na mbili mimi ndiye msomaji wake, nakaa kwenye kreti, nasoma mstari, namweleza, nikifika mwisho nasema "nukta" na hapo ndipo anapogusa spana, kabla ya hapo hagusi. Mama Honi ndiye aliyeniita Profesa, na sasa gereji nzima inaniita hivyo.

Mwezi uliopita alileta gari jeusi refu lenye taa kama macho ya chura, lililoundwa kabla babu hajaoa, breki zote zimekufa, na baba hakuwahi kulifungua la aina hiyo. Kitabu chake kimoja kinaeleza magari mawili ya kiwanda kimoja, kubwa, ndilo hilo jeusi, na dogo. Nilisoma ukurasa wa 61, ukaishia kwa nukta, nikafunua, nikaendelea, na nilipofika kwenye mafuta ya kujaza nikasoma mafuta ya kijani, yale mepesi, na baba akasimamisha mkono.

"Ya kijani? Kwenye breki?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, baba."

"Soma tena."

Nikasoma tena, palepale. Akakuna kidevu akasema, "Haya. Mwenye kitabu ndiye mwenye gari." Vijana wake wawili wakacheka, mmoja akasema siku hizi Fundi anaendeshwa na mtoto wa shule, na baba akawajibu bila kuinua kichwa, "Huyu hajanipoteza hata siku moja. Nyinyi mnanipoteza kila asubuhi." Mshauri, siwezi kukueleza nilivyofurahi. Gari lilijaribiwa, likasimama pale pale lilipotakiwa, Mama Honi akalibusu usukani, akaondoka akipiga honi mpaka kona.

Wiki tatu baadaye, Jumanne iliyopita, kitabu kilikuwa mezani kwenye jua, nikakifungua kutafuta mchoro wa springi, na karatasi ya ukurasa wa 61 ikaachana na nyingine nyuma yake kwa sauti kama ya plasta inayobanduliwa. Zilikuwa zimegandana kwa grisi. Kurasa za 62 na 63 sijawahi kuziona maishani mwangu! Nilitoka kwenye gari kubwa nikaingia kwenye gari dogo bila kujua, na pale juu ya ukurasa wa 63 kuna maandishi ndani ya kisanduku cheusi, kwamba gari kubwa kamwe lisijazwe mafuta ya kijani, kwa sababu vipira vya breki vitavimba na kulainika kidogo kidogo, breki itashika vizuri siku za mwanzo, halafu itapotea bila onyo. Nilisoma mara saba. Nikafunga kitabu, nikakirudisha kwenye rafu, nikaenda nyumbani nikafanya hesabu za shule, na zote nilipata.

Leo ni siku ya nane. Gari limefunikwa turubai kwenye banda la Mama Honi, linasubiri Jumapili, siku ya msafara wa magari ya zamani, utakaoshuka ile barabara ya mlimani hadi uwanjani, na yeye ndiye atakayetangulia, na ametuma ujumbe kwa baba kwamba Profesa atakaa naye kiti cha mbele. Nimeitikia. Nimefikiri nitakaa karibu na breki ya mkono, na nimeshasoma jinsi ya kuivuta polepole gurudumu lisiteleze. Lakini silali vizuri. Naomba unisaidie: je, inawezekana vipira bado havijavimba? Je, nimwandikie barua isiyo na jina? Na nikisema, si nitakuwa nimemharibia baba jina, na yeye ndiye aliyenitetea mbele ya watu?

Mimi, Profesa


MSHAURI ANAJIBU

(Jibu hili nilimtumia mwandishi saa ileile. Barua nyingine zote zilisubiri kwenye foleni. Hili halikuwa la foleni. Linachapishwa leo kwa ruhusa yake na ya baba yake.)

Mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, na sijakaa mpaka sasa.

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye safu hii. Nimeandikiwa na walioachwa, waliosalitiwa, waliooana na ndugu wa adui zao. Sijapata kuandikiwa na mtu anayejua ajali itatokea siku gani, barabara gani, na atakuwa amekaa kiti kipi! Unaniambia umeshasoma jinsi ya kuvuta breki ya mkono. Masikini mtoto. Umeona ni rahisi kubingirika mlimani pamoja na mama wa watu kuliko kumwambia baba yako maneno manne.

Umeniuliza maswali matatu. Angalia vizuri: hakuna hata moja lililouliza kama Mama Honi atafika chini akiwa hai. Sikuambii hivi ili ulie. Nakuambia kwa sababu hofu imekugeuza, na wewe kwa asili si mtu wa hivyo. Mtu wa hivyo asingeniandikia.

Sasa nisikilize. Kuruka ukurasa si dhambi. Kurasa ziligandana, na mtoto wa miaka kumi na sita hakuzipaka grisi. Hata baba yako ana fungu lake: moyo wake ulisita, mkono wake ukasimama, akaunyamazisha moyo kwa sababu kitabu kimesema. Hilo lote ni kosa la kazi, linasahihishwa kwa spana. Lakini siku nane za kukaa kimya, hizo ni zako peke yako, na kesho zitakuwa tisa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Hapa kilio si methali, kina tarehe.

Kuhusu vipira: sijui, na wewe hujui, na ndiyo maana havibahatishwi. Kuhusu barua isiyo na jina: nani ataiamini? Mtu maarufu hupokea barua za ajabu kumi kwa siku. Ataitupa. Kuhusu jina la baba yako: fundi aliyeita gari lirudi kabla ya ajali ana jina. Fundi aliyekaa kimya ana kesi.

Leo, ukitoka shule, usipitie nyumbani. Nenda gereji. Chukua kitabu, si machozi. Fungua ukurasa wa 63, ukiweke mbele yake. Usianze na "samahani, baba, usikasirike." Anza na "Baba, niliruka kurasa mbili." Atakasirika. Mwache akasirike, hasira haijawahi kumgonga mtu mlimani. Kisha ampigie simu mwenye gari mbele yako, na ufunguo utolewe kwenye gari leo, si kesho.

Nakupa hadi kesho saa sita mchana uniandikie kwamba imefanyika. Nisipopata neno, nitampigia mwimbaji huyo mimi mwenyewe. Namba yake ninayo, na mimi simung'unyi maneno. Nenda.


PROFESA ANAANDIKA TENA

Mshauri, shikamoo. Siku ile nilikuandikia tu kwamba imefanyika, nawe ukaniomba nieleze nilichofanya, bila kupamba.

Nilifika gereji saa tisa. Baba alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Nikasema, "Baba, niliruka kurasa mbili." Miguu ikatulia. Akauliza za nini. Nikasema za breki, gari jeusi. Akatoka, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, akaangalia kisanduku cheusi ambacho hawezi kukisoma, akasema, "Soma." Nikasoma. Sikuweza kusema "nukta." Akaniuliza nimejua lini, nikamwambia. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kreti langu, na mimi sijawahi kumwona akikaa mchana.

Halafu alipiga simu, tukaenda wote wawili. Mama Honi alitufungulia banda mwenyewe, amevaa ovaroli. Baba akainua gurudumu la mbele, akafungua, akatoa kipira cha breki akakiweka kwenye kiganja. Kilikuwa kimevimba na kulainika kama mkate uliodondoka kwenye chai. Akakibonyeza, kikakatika.

Nilisema, "Ni mimi, Mama. Nilisoma vibaya, na nimejua tangu Jumanne iliyopita."

Nilitegemea apige kelele. Aliangalia kile kipira, kisha akakaa sakafuni.

"Fundi," alisema, "juzi nililifunua."

"Si tulikubaliana likae mpaka Jumapili?"

"Mimi na turubai wapi na wapi! Nilitaka tu kulisikia. Nikalitoa, nikazunguka nalo mtaa mmoja. Mjukuu wangu alikuwa nyuma. Pale kwenye makutano ya shule ya watoto nikakanyaga, mguu ukaenda mpaka sakafuni. Nikavuta breki ya mkono, nikapanda ukingo wa barabara, tukasimama."

Baba alikuwa amekwisha kusimama. "Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungelizuia Jumapili."

"Mama! Mtoto alikuwa ndani!"

"Najua alikuwa ndani. Nilikanyaga tena mara tatu nne, ikarudi kidogo. Nikajiambia ni uzee wa gari." Akanigeukia. "Profesa, wewe umenyamaza kwa kuogopa baba yako. Mimi nina miaka hamsini na nane, nimenyamaza kwa kulipenda gari. Usinililie hapa. Hakuna wa kumcheka mwenzake."

Baba alichomoa ufunguo, akautia mfuko wa shati, akafunga kitufe.

Nyumbani nilimwandikia mama yangu kila kitu kwenye karatasi kwa sababu sikuweza kusema mara mbili kwa siku moja. Alisoma, akanikumbatia, kisha akanipokonya simu kwa mwezi mzima.

Jumapili msafara ulishuka bila gari jeusi. Mimi sikwenda kuangalia. Nilikwenda gereji, baba akanipa kisu chembamba cha kukwangulia, nikashusha vitabu vyote kumi na moja, nikahesabu kurasa za kila kitabu kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikuta zimegandana sehemu nne. Tatu hatujawahi kuzitumia. Ya nne inahusu viungo vya usukani, vile vinavyoshika magurudumu ya mbele, vya gari dogo la daktari mmoja wa meno, tulilolitengeneza mwaka jana, na tulivikaza bila kusoma ukurasa ule.

Baba alikuwa nje anazungumza na mteja. Nilitafuta namba ya daktari kwenye daftari la gereji, nikampigia kwa simu ya mezani. Nikamwambia tafadhali asiliwashe gari mpaka tufike, tuna jambo la kukagua kwenye usukani. Akauliza mimi ni nani hapo gereji.

Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nasoma.