Siku Thelathini za Kuonja

Jumanne, 3 Septemba
Fotokopi tangu asubuhi. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, barua za mtendaji. Wote wanakwenda Genkuru kwenye dhahabu, wote wanataka kopi. Wino umenifika masikioni. Duka ni la mjomba, hapa Nyamisangura, lakini fundi ni mimi. Form two niliiacha mwenyewe, haikuniacha.

Rhobi, binti wa shangazi, amerudi kutoka Mwanza na cheti cha kompyuta. Anatengeneza programu ya kupanga zamu kwenye karasha la Genkuru, ile mashine ya kusaga mawe. Kule aliyetoa kiroba cha mawe shimoni mapema anasaga mapema, na ugomvi wote unaanzia hapo. Laptop ni hii moja ya duka, na kazi yake inataka mfumo mwingine kabisa. Kwa hiyo anataka kompyuta ndani ya kompyuta. Unaweka programu, inaigiza mashine nzima, humo anafanya yake bila kugusa ya mjomba. Zipo tatu za namna hiyo. Kaniomba nizijaribu zote, nimwambie ipi inafaa. Nimemwambia amefika kwa mwenyewe.

Alhamisi, 5 Septemba
Sijajaribu hata moja. Nimesoma bei tu. Mbili ni za bure. Ya tatu inauzwa kwa dola, ila wanakuonjesha siku thelathini. Nimechukua ya dola. Cha bure hapa nani anakiheshimu? Hata jiwe lisilo na dhahabu ni la bure.

Rhobi nimemwambia nimezipima zote siku mbili, hii ndiyo dume. Ameniamini. Akasema, "Asante kaka, peke yangu ningepotea humo." Kifua kikapanda. Siku thelathini sikuzitaja. Mbele huko nitajua.

Jumatano, 18 Septemba
Inakwenda. Rhobi anacheka peke yake akiandika. Wachimbaji wamekubali aijaribu kwao kuanzia Jumatatu. Ikiwafaa, kazi ya kutunza foleni ni yake. Karani wa zamani alipindisha daftari, walimtoa kule kwa mawe. Rhobi alilisimulia hilo kama kichekesho. Mimi sikucheka sana.

Jumamosi, 5 Oktoba
Imefunga. Dirisha moja tu: muda wa kuonja umeisha, lipia. Na keshokutwa Rhobi anaingiza viroba vipya. Kuhamia ya bure ningelazimika kumwambia kwa nini.

Nimerudisha tarehe ya laptop hadi 10 Septemba. Ikafunguka! Saa ya pembeni mwa skrini nimeificha asiione. Nimejisifu mwenyewe dukani kama mwendawazimu. Nani mwingine Tarime nzima angewaza hilo?

Jumanne, 8 Oktoba
Jana Rhobi aliingiza viroba vya siku nzima. Leo orodha imebandikwa ukutani kwenye karasha. Nilikuwepo, nilimbebea laptop. Walioleta mawe jana wako juu kabisa, kila mmoja na tarehe ya Septemba. Mzee Mwita, anayesubiri tangu tarehe 26 mwezi uliopita, yuko chini.

Programu inachukua tarehe kwenye mashine ya ndani. Ya ndani inachukua kwenye laptop. Laptop inachukua kwangu. Nilielewa palepale.

"Binti, hao wa juu wamekupa nini?" Mzee Mwita huyo. Nyuma yake mwingine akapaza sauti, "Mwizi wa kalamu tulimfukuza, leo tumeletewa wa laptop!"

Rhobi aliangalia laptop. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Jumatano, 9 Oktoba
Anatafuta kosa kwenye kazi yake, mstari kwa mstari. Macho mekundu. Na ananiuliza mimi! "Kaka, wewe unaonaje?" Nimesema labda virusi.

Mbwa mimi.

Nikirekebisha saa, itafunga, atajua. Nisiporekebisha, kesho kwenye kikao walichomwitia watamla. Ugali umenishinda. Sijawahi kushindwa na ugali.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kikao pale pale kwenye karasha. Mwenyekiti wa wachimbaji alimwambia Rhobi akabidhi orodha aondoke akiwa salama. Rhobi akakubali. Akasema kosa ni lake, bado hajaliona tu.

Lake!

Nikasimama. Nilitaka niseme kifupi, kijanja. Ikatoka ndefu na ya kijinga. Dola, siku thelathini, saa, ule uongo wa siku mbili. Wanawake wanaochekecha unga wa mawe waliacha kazi kusikiliza. Kijana wa rika langu, tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja, akapiga kelele: "Mura, rudi kwenye fotokopi zako!" Wakacheka wote. Heri wangenipiga.

Uamuzi: Rhobi apewe wiki moja nyingine. Viroba vyote viandikwe upya. Mimi laptop nisiiguse nikiwa Genkuru.

Tukaanza kurudi dukani. Tulipofika Turwa ndipo akasema, "Uliniacha siku mbili natafuta." Basi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Amechagua mwenyewe. Amezijaribu zote mbili za bure. Ya kwanza ilikula nguvu zote, laptop ikawa inakohoa. Ya pili nyepesi, ikapokea mfumo wake bila ugomvi. Akaihamishia kazi yake, akazima, akawasha, akaangalia tarehe, akazima tena. Mimi nilikaa pembeni kama mteja.

Saa moja na nusu, yote. Ile Alhamisi ya Septemba ningemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Neno la siri amebadilisha. Sikuuliza.

Jumanne, 15 Oktoba
Genkuru. Wamenipa daftari. Napita rundo kwa rundo, kila mwenye viroba ananitajia siku aliyovitoa, mashahidi wawili wanathibitisha, naandika. Rhobi yuko chini ya turubai, anaingiza. Jua kali. Vumbi la mawe mdomoni.

Nikamfikia Mzee Mwita. Nikasema shikamoo. Hakuitika. Alitaja tarehe yake, nikaandika. Akanyoosha mkono, nikampa daftari. Alisoma taratibu, kidole chini ya maneno, mpaka mwisho wa mstari. Akanirudishia, akakaa juu ya viroba vyake.

Nikaenda rundo lililofuata.