Shingo ya Bashiru

Safia, uko hewani? Niko hospitali na mwanangu Bashiru. Nivumilie nikikosea kuandika.

Si unajua mafua yake, kakohoa wiki nzima? Mama mkwe kang'ang'ania ni kimeo, kile kinyama cha kooni, kikatwe. Nikakubali. Mimi huyu, niliyesoma chuo cha ualimu Butimba, ninayefundisha watoto sayansi.

Leo mchana nikampeleka mwenyewe Ilemela, kwa yule mzee anayekata vimeo.

Mzee kamshika shingo. Akaniambia, "Mwalimu, hebu bonyeza hapa." Nikabonyeza. Safia, ngozi ililia. Ililia chini ya vidole vyangu kama mfuko wa dagaa wakavu.

Mzee akaweka kisu chini. "Hiki si kimeo. Mkimbize hospitali."

Picha ya eksirei imeonyesha kukohoa kumempasua pafu kidogo. Hewa imevuja kifuani, ikapanda mpaka chini ya ngozi ya shingo. Kawekewa oksijeni. Daktari anasema mara nyingi hupona yenyewe, lakini kila saa wanakuja kumpima.

Daktari kaniuliza nani aligundua tatizo la shingo. Nikajibu, "Mimi."

Safia, mimi nilikuwa nimeshamshika kichwa asitikisike, mzee akate.