Panda Mlima Polepole

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba unakula na kulala, maana najua ukipata oda nyingi unajisahau. Huku mama hajambo kabisa. Hivi ninavyoandika anaimba jikoni, ule wimbo wake mmoja ambao hajawahi kuumaliza, na anazigombeza sufuria kana kwamba zina masikio. Mimi pia nipo, nasogeza siku.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Wewe hupokea simu huku unaendesha, na habari hii nataka uisome injini ikiwa imezimwa. Kama uko garini, zima kwanza.

Unakumbuka ulipoliacha gari hapa pamoja na boksi la turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Mikate yako ilikuwa inafika mji wa juu imechelewa kwa kuwa gari lilishindwa na mlima, maduka yameanza kukuhama, na ukasema ukipoteza na haya yaliyobaki huna biashara tena. Nikakuambia uniachie mimi. Mshonaji wa nyumba ya pili alipita akaniuliza kama siku hizi injini zinashonwa uani. Nilimwacha aseme. Nilitandika shuka kuukuu chini ya kamba ya nguo, nikapanga vifaa vyote, nikafungua ekzosi ya zamani ambayo nati zake zilikuwa zimeoza kwa kutu. Kila kitu kiliingia mahali pake, isipokuwa betri, ambayo ilibidi niihamishe ili bomba lipate njia.

Kilichobaki kilikuwa kupima kama mabomba ya hewa yanavuja. Mashine ya upepo sina, na kwenda kuomba gereji sikutaka, kwa kiburi changu. Nikaamua tupime kwa mdomo: mmoja apulize, mwingine apake maji ya sabuni kwenye maungio na kutazama kama yatatoa mapovu. Mama alikuwa anaanua nguo. Akaniambia nisogee, yeye ametulea kwa kutuita kutoka mtaa wa tatu, bomba litamshinda nini. Akapuliza kwa nguvu zake zote. Halikutoka hata povu moja. Nikaziba bomba kwa kiganja, nikaliunga haraka kwenye injini, nikakaza klipu. Mama akakaa juu ya ndoo akisema anaona kizunguzungu, nasi tukacheka sana.

Siku ya kwanza nilipolijaribu, gari liliupanda mlima wa matangi ya maji kama vile mlima haupo. Nilirudi na furaha zangu, nikamkuta mama ameshika fremu ya mlango, midomo imepauka, mshonaji anampepea kwa kipande cha kitambaa. Nilipozima injini tu, mama akavuta pumzi na kuuliza kwa nini tunamtazama. Daktari alimpima, akasema mapafu ya mama ni mazuri kuliko yake yeye daktari.

Mshonaji ndiye aliyegundua, na aliniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeona haya. Alisema mlio wa turbo ukisikika kutoka mlimani, mama hunyamaza katikati ya neno. Mlio ukiisha, huendelea na nusu ya neno iliyobaki, wala hajui kwamba alinyamaza. Ndipo nikakumbuka ile pumzi yake niliyoifungia bombani.

Nilifungua turbo yote nikaiweka mezani. Mama hakuamka siku ile. Alilala macho wazi, kifua kikicheza kidogo sana, na nilipoweka kioo puani pake hakikushika ukungu. Niliirudisha haraka. Kabla sijakaza klipu ya mwisho, nilimsikia ndani akiuliza nani kaacha mlango wazi.

Sasa nakuambia lile linalonikaba. Baada ya kuyajua yote haya, nilitoka na gari tena. Nilijiambia nataka uhakika, lakini uhakika nilikuwa nao. Utamu wa gari lile mlimani, kaka, wewe unaujua sasa. Nilikanyaga mafuta mpaka juu kabisa huku nikijua mama yuko wapi na anafanywa nini. Niliporudi alikuwa sakafuni. Alinishika mkono akaniuliza kama nimeshakula.

Kesho yake nililegeza bomba upande mmoja, nikamdanganya kwamba tunapima tena, safari hii kwa kuvuta. Akavuta sana, akakohoa, akasema hewa ile ina ladha ya oili na kwamba hanisaidii tena kazi za uchafu. Alipoingia ndani nikaweka mdomo wangu kwenye bomba, nikapuliza mpaka nikaona giza. Kisha nikakaza klipu. Ulipokuja kuchukua gari ulikuwa unacheka, unaligongagonga boneti kwa furaha, nami nikashindwa kusema. Mama alikuaga kwa kelele mpaka ulipokata kona, nawe ukampigia honi.

Basi nakuomba. Beba mikate yako, sina kinyongo. Ila mlimani nenda na gia ndogo, na mshale wa presha usiuache ufike juu. Fundi yeyote asifungue lile bomba la upande wa kushoto, hata akikuapia kwamba linahitaji kusafishwa. Usiliuze gari. Wala usithubutu kupuliza wewe ili kuniokoa, kwa sababu wewe ndiye dereva na ile barabara ina kona mbaya. Juzi nadhani ulichelewa kutoka, maana ulikimbia asubuhi nzima, na mimi nilikuwa nimelala chini kwenye saruji nikihesabu vibanio vya nguo ili nisipoteze fahamu. Mama alidhani ni mafua, akanifunika kanga. Usimwambie kitu. Akijua atataka turudishe kama ilivyokuwa.

Mama anakusalimu sana na anasema unenepe. Mshonaji naye anakusalimu, ingawa siku hizi akisikia gari lolote hunitazama mimi kwanza. Wape hujambo wenye maduka wote.

Nilitaka kuongeza mengine, lakini imenibidi niweke kalamu chini kwa muda. Sasa nimerudi. Nadhani ulikuwa unalipita lori.

Mdogo wako akupendaye,
Spana